Hei gani kwa sungura gani: bua, jani na kinachotokea tumboni

Sungura mzima anayefugwa nyumbani anapaswa kula hei, yaani malisho yaliyokatwa na kukaushwa, kuliko chakula kingine chochote, kiasi cha asilimia 80 hadi 85 ya mlo wake wa kila siku. Wafugaji wengi wanalijua hilo. Panapowatatiza ni kwenye hei yenyewe. Ipo ya majani mororo kama nywele, ipo ya mabua magumu kama njiti, na ipo ya lusini (alfalfa) ambayo sungura huiparamia na kuacha vingine vyote. Zote zinaitwa hei, ila zikifika tumboni kila moja ina kazi yake. Ukielewa kazi hizo hutategemea tena jina lililoandikwa kwenye mfuko. Utaishika hei mkononi, utaangalia kinyesi cha kesho yake, na utajua.

Tumboni mwa sungura

Sungura hacheui kama mbuzi. Bakteria wanaomsaidia kuvunjavunja nyuzinyuzi wanaishi nyuma kabisa, ndani ya sekamu, mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Chakula kikifika hapo, utumbo mpana hukichambua kwa ukubwa. Vipande virefu vya nyuzinyuzi, vya kama nusu milimita na kuendelea, husukumwa mbele na kutoka haraka vikiwa punje kavu za mviringo. Vipande vidogo pamoja na majimaji hurudishwa kwenye sekamu vikachachushwe na bakteria. Baada ya saa kadhaa, yale yaliyochachuka hutoka yakiwa kinyesi laini, cheusi, chenye kung'aa, kilichoshikana kama kishada cha zabibu. Sungura huinama na kukila moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Humo anapata vitamini B na sehemu ya protini yake, kwa hiyo usimzuie.

Vipande virefu vinavyopita bila kumeng'enywa havimpi lishe kubwa, lakini ndivyo vinavyoufanya utumbo uendelee kujikunja na kusukuma. Vikipungua, utumbo unalegea. Chakula na manyoya aliyojilamba vinakaa tumboni na kukauka, gesi inajaa, maumivu yanamfanya aache kula, na kuacha kula kunazidi kuulegeza utumbo. Hana namna ya kujiokoa kwa kutapika, kwa maana sungura hawezi kutapika kabisa. Upande wa pili, wanga na sukari vikizidi hufika kwenye sekamu na kuwalisha bakteria wasiotakiwa, wakiwemo wa jamii ya Clostridium wanaotoa sumu. Watoto wa sungura ndio wanaoathirika upesi zaidi.

Kuna na meno. Sungura ana meno 28, na yote yanakua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Peleti, yaani chakula cha dukani kilichosagwa na kukandamizwa kuwa vipande vidogo, huvunjika kwa kubanwa juu na chini, zikaisha. Hei humlazimu kusaga kwa kupeleka taya pembeni, tena na tena, na msago huo pamoja na chembe ngumu za silika zilizomo kwenye nyasi ndio unaopunguza magego. Mtazame kwa karibu anapokula bua refu: linaingia mdomoni polepole kama uzi kwenye cherehani, taya likienda kushoto na kulia bila kupumzika. Sungura anayemaliza chakula chake chote cha siku kwa dakika kumi meno yake hayasagiki ipasavyo, hata kama tumbo limejaa.

Kwanza tenganisha nyasi na mikunde

Kabla ya kuuliza ni timothi (aina ya nyasi) au ni ya oti (nafaka), uliza kama hei hiyo ni ya nyasi au ya mikunde. Kosa kubwa zaidi katika ulishaji wa hei hutokea hapa.

Lusini na klova ni mikunde, ndugu wa maharage. Lusini ina protini ya karibu asilimia 15 hadi 20 na kalsiamu ya asilimia 1.2 hadi 1.5. Hei ya timothi ina protini ya kama asilimia 7 hadi 10, na kalsiamu yake huwa karibu asilimia 0.4. Piga hesabu: gramu 100 za lusini yenye asilimia 1.3 zinampa sungura gramu 1.3 za kalsiamu, na gramu 100 za timothi zinampa gramu 0.4. Ni zaidi ya mara tatu.

Kwa wanyama wengi hilo lisingekuwa tatizo, kwa sababu mwili hunyonya kalsiamu unayoihitaji na kuiacha nyingine ipite. Sungura hunyonya kulingana na kilichomo kwenye chakula, iwe anaihitaji au la, kisha figo hutoa ziada kwa njia ya mkojo. Mkojo wa sungura huwa na ukungu kidogo, na wakati mwingine rangi ya chungwa au hata nyekundu kutokana na rangi za mimea aliyokula. Hayo ni ya kawaida. Ukianza kuwa mzito kama chokaa iliyokorogwa, ukikauka ukaacha unga mweupe mwingi sakafuni, au sungura akijikamua kwa shida, tope la kalsiamu limeanza kujikusanya kwenye kibofu. Likiachwa linaweza kugeuka mawe.

Lusini ina mahali pake. Watoto wanaokua hadi umri wa miezi 6 hivi wanaihitaji protini na kalsiamu hiyo, vilevile jike mwenye mimba, jike anayenyonyesha, na sungura aliyekonda baada ya kuugua. Hata hivyo watoto wawekewe na hei ya nyasi tangu wanapoanza kuonja chakula, karibu na wiki ya tatu. Sungura aliyelelewa kwa lusini tupu humsumbua sana mwenye naye siku ya kumhamisha, kwa maana nyasi anaziona si chakula.

Mtu mwenye sungura mzima asiyependa hei hushawishika kumpa lusini "ili angalau ale kitu". Atakula, naam. Pia atanenepa, atakosa hamu ya kinyesi chake laini, na ndani ya wiki chache manyoya ya nyuma yatakuwa yamegandamana. Kama ni lazima, tumia hila hii: chukua vijiti viwili vitatu vya lusini, visugue ndani ya hei ya nyasi ili harufu ishike, kisha viondoe.

Hei za nyasi na tofauti zake

Timothi ndiyo inayotajwa sana, na inastahili. Ila neno "timothi" peke yake halitoshi, kwa sababu nyasi hiyohiyo hubadilika kulingana na mara ya ngapi shamba limekatwa.

Mkato wa kwanza hutoka kwenye nyasi zilizorefuka na kutoa masuke. Mabua ni mengi na manene, majani ni machache, nyuzinyuzi ziko juu, protini iko chini. Huu ndio wa kumpa sungura mnene, au yule ambaye kinyesi laini kinamgandia nyuma. Ubaya wake ni kwamba wengine huchagua majani na kuacha mabua yote chini.

Mkato wa pili una majani mengi na mabua membamba, umesawazika kwa pande zote mbili. Sungura mzima mwenye afya hana sababu ya kutafuta kingine. Ukiwa unanunua kwa mara ya kwanza, anzia hapa.

Mkato wa tatu ni mororo, wa kijani, karibu wote majani. Sungura wanaupenda, na wazee wenye magego yaliyochoka wanaumudu. Lakini una nguvu zaidi na nyuzinyuzi chache zaidi, na anayeula peke yake anaweza kuongezeka uzito na kutoa kinyesi kilicholegea kidogo. Uchanganye na wenye mabua.

Nyasi za orchadi zinakaribiana na timothi kwa lishe, protini ikiwa juu kidogo. Jani lake ni pana na laini, na harufu yake ni tamu. Zinawafaa sungura wanaochagua sana, na watu ambao timothi inawapigisha chafya mara nyingi hujaribu hizi. Nyasi za Rhodes na za bermuda zina mabua membamba, na zikikatwa mapema ni hei nzuri kabisa ya kila siku. Zikikatwa zimeshakomaa huwa kama waya, na lishe yake hushuka sana. Hei mchanganyiko ya malishoni ina aina nyingi za nyasi na magugu. Sungura huifurahia kwa sababu kila tonge lina ladha yake, lakini kagua kilichomo: yapo magugu yenye sumu ambayo hayapotezi sumu yake yakikauka, na yakiwa mabichi mnyama angeyakwepa kwa uchungu wake, ila yakikauka uchungu unapungua na anayala.

Hei ya oti inahitaji maelezo zaidi kidogo. Hukatwa mmea ungali wa kijani, punje hazijakomaa. Mabua yake ni manene na matupu ndani kama mrija, yanavunjika kwa sauti, na sungura wanaopenda kutafuna huyamaliza. Kwa meno ni nzuri sana. Angalia masuke: yakiwa membamba na laini, sawa. Yakiwa na punje zilizojaa na ngumu, umenunua nafaka ndani ya hei, na huo ni wanga. Mpe kama nyongeza, konzi moja kwa siku, hei kuu ikiwa nyingine.

Mabua ya manjano yanayobaki baada ya kuvuna nafaka si hei. Yanafaa kutandika. Sungura aliyeachiwa hayo peke yake anashiba bila kulishwa, akakonda taratibu huku kihori kikiwa kimejaa.

Hei iliyosagwa na kukandamizwa kuwa vipande haichukui nafasi ya hei ndefu. Kusagwa kumeshafupisha nyuzinyuzi, nazo zinapofika kwenye utumbo mpana nyingi hurudishwa kwenye sekamu badala ya kusukuma.

Ishike mkononi

Chukua konzi moja, ipeleke kwenye mwanga. Rangi iwe ya kijani au kijani iliyofifia. Rangi ya hudhurungi kidogo upande wa nje wa robota ni jua tu, ila kahawia mpaka katikati ni dalili ya hei iliyonyeshewa au kuzeeka. Inuse. Hei nzuri inanukia majani makavu matamu. Harufu ya uvundo au ya chumba kilichofungwa muda mrefu, iache. Ipigepige kwenye karatasi nyeupe: vumbi kidogo la kijani ni majani yaliyovunjika, vumbi la kijivu au jeupe linalopaa kama moshi ni ukungu. Hesabu kwa macho mabua na majani. Kwa sungura mzima, theluthi moja hadi nusu ikiwa mabua, uko mahali pazuri. Mwisho ingiza mkono katikati ya robota. Ukikuta joto au unyevu, hei ilifungwa kabla ya kukauka na inachacha humo ndani.

Usinunue pia hei iliyotoka mahali ambapo sungura wanakufa ovyo, kwa kuwa virusi vya homa ya kutoka damu ya sungura husafiri kwenye malisho.

Kiasi na namna ya kuweka

Hei haipimwi kwa kumbania. Iwepo usiku na mchana. Kwa makadirio, sungura hula chakula kikavu cha karibu asilimia 5 ya uzito wake kwa siku, hivyo mwenye kilo 2 atakula kama gramu 80 hadi 100 za hei, na nyingine ataimwaga na kuikojolea. Weka gramu 130 hadi 150. Asiyekuwa na mizani aweke fungu la ukubwa wa mwili wa sungura mwenyewe.

Peleti zisizidi gramu 15 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mboga za majani, kikombe kimoja kilichoshindiliwa kwa kila kilo kinatosha. Maji yasikatike, na bakuli zito ni bora kuliko chupa ya kunyonya kwa sababu sungura hunywa kwa urahisi zaidi. Anaweza kunywa mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku, na anayekula hei kavu nyingi huelekea kwenye kiwango cha juu. Bila maji, nyuzinyuzi hizohizo zinakuwa mzigo tumboni.

Gawa hei mara mbili au tatu kwa siku. Iliyolala usiku kucha imepoteza harufu, na sungura huihukumu kwa pua. Kihori kiwekwe juu ya upande mmoja wa trei ya choo, kwa maana sungura hula huku akitoa kinyesi, na ukivitenganisha unamlazimisha kuchagua kimoja. Matundu ya kihori yawe mapana kiasi cha kupitisha pua lakini si kichwa.

Kubadilisha hei

Bakteria wa sekamu wamezoea chakula fulani, na wanahitaji siku kadhaa kujipanga upya. Siku 1 hadi 3, changanya robo ya hei mpya na robo tatu ya zamani. Siku ya 4 hadi ya 6, nusu kwa nusu. Siku ya 7 hadi ya 9, robo tatu mpya. Siku ya 10, yote. Changanya kwelikweli kwa mikono, kwa sababu ukiiweka kwa tabaka atachambua. Kumtoa kwenye lusini kwenda nyasi, ongeza muda uwe wiki mbili au tatu na umpime uzito kila siku ya pili. Ukiona kinyesi kinapungua au kuwa kidogo kidogo, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo siku tatu.

Hekima ya kudumu ni kuwa na hei mbili za nyasi kwa wakati mmoja, moja ya mabua na moja ya majani. Mavuno ya msimu mmoja hayafanani na ya msimu mwingine, na siku moja ikikosekana hutampa mshtuko.

Kinyesi kinasemaje

Sungura mwenye afya hutoa punje 200 hadi 300 kwa siku. Chukua moja kavu, ibonyeze kati ya vidole. Ikipasuka na kuonyesha vipande vya majani kama unga wa mbao, rangi ya kahawia ya dhahabu, hei inafanya kazi yake. Zikilingana ukubwa ni vizuri zaidi.

Punje ndogo, nyeusi na ngumu zinasema hei haitoshi, au maji hayatoshi, au ana maumivu. Punguza peleti kwa robo, loanisha mboga kabla ya kumpa, na uangalie kwa siku mbili. Punje zilizounganishwa kwa nyuzi za manyoya huonekana wakati wa kupukutika. Mchane kila siku na umwongezee hei ya mabua.

Kinyesi laini kilichoachwa sakafuni au kugandia matakoni kina sababu ya chakula mara nyingi: lusini, peleti nyingi, matunda. Ondoa hivyo, rudisha mkato wa kwanza kwa wiki mbili. Kisipobadilika, chunguza kama ni mnene au ana maumivu ya mgongo kiasi cha kushindwa kujipinda. Usikichanganye na kuharisha kwenyewe. Kuharisha kwa maji, hasa kwa mtoto, ni safari ya kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Sungura anayeikataa hei mara nyingi ameshiba peleti. Zipunguze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Lakini mwangalie anavyokataa. Anayeikaribia, akachukua bua, akatafuna kidogo na kuliangusha likiwa limelowa mate, anataka kula ila mdomo unamuuma. Ukiona kidevu chake kimelowa pia, magego yana ncha zinazokata ulimi au shavu, na hakuna hei itakayoponya hilo kabla ya daktari kuyasawazisha. Katika kusubiri, mpe mkato wa tatu uliokatwakatwa kwa mkasi vipande vya sentimita 2 hadi 3.

Asiyekula chochote na asiyetoa punje kwa saa 12 yuko hatarini. Huwa amejikunyata pembeni, anasaga meno kwa nguvu, tumbo limekaza. Usimlazimishe chakula kwa bomba la sindano kabla hajapimwa, maana ikiwa utumbo umeziba unauongezea shinikizo.

Kuhifadhi

Hei ihifadhiwe ikiwa na unyevu chini ya asilimia 15. Iinue kutoka sakafuni kwa mbao, pasipo jua wala mvua, ndani ya gunia la kitambaa au boksi la karatasi lenye matundu. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hutoa jasho ndani, na ukungu huanzia hapo. Panya wakiifikia na kuikojolea, itupe; kuianika tena hakuisafishi. Ikipita mwaka mmoja nyuzinyuzi zinabaki, ila vitamini A na harufu vimeshakwenda.

Ukikausha mwenyewe, kata nyasi zinapoanza kutoa masuke, zitandaze nyembamba, zigeuze mara mbili kwa siku kwa siku 2 au 3 za jua. Jaribu kwa kusokota konzi moja kama kamba: mabua yakipasuka bila kulowesha kiganja, funga. Nyasi zilizokatwa kwa mashine ya bustani zisiingie humo, mbichi wala kavu, kwa sababu zimepondwa na huanza kuchacha ndani ya saa chache.